Sheria Isiyo na Dirisha

Jirani, mimi sheria inayokuja na mtu sina ugomvi nayo. Mgambo akija kubomoa genge, ni mtu huyo. Ana kitambi, ana njaa, ana shemeji yake anakaa mtaa wa pili. Unampa shikamoo hata kama umemzidi umri. Unamwambia, "Mkubwa, nivumilie mpaka Ijumaa." Trafiki naye ni mtu. Karani wa serikali ya mtaa ni mtu, tena anapenda karanga. Kote huko kuna dirisha, na mimi maisha yangu nimeyaendesha madirishani. Nikikataliwa dirisha la kwanza naenda la pili. La pili wakinikatalia narudi la kwanza, nakuta zamu imebadilika.

Kumbe kuna sheria haina dirisha. Haina mtu, haina barua, haina hata mjumbe wa nyumba kumi wa kuja kukohoa mlangoni. Siku yake ikifika inafanya kazi, inamaliza, inaondoka, wewe bado unapiga mswaki uani.

Haya yote nimeyapata kwa dogo mmoja tunayepanga naye nyumba moja. Anasoma sheria, mwaka wa tatu. Ni mtoto mzuri, anasalimia, ila ana tabia ya kutaja Kilatini watu wakiwa wanakula. Jioni moja tuko barazani kwa Mangi, nalalamika yangu ya kawaida, dogo akadakia, "Bro, hiyo imetokea ipso jure." Anatamka ipso yure. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kuwazidi, nikampiga na bega kabisa. Usiku nikamvizia kwenye foleni ya bafu, yeye na ndoo yake mimi na yangu, nikamuuliza kwa sauti ya chini ile kitu ni nini.

Akasema ni jambo linalotokea kwa nguvu ya sheria yenyewe. Hakuna anayeomba, hakuna anayeidhinisha, hakuna anayegonga muhuri. Hakimu akiingia, anaingia kutamka kitu kilichokwisha kutokea zamani. Akanipa mfano wa mbunge. Katiba yetu, ibara ya 71, inasema mbunge akikosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika, ubunge umekoma. Akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, ubunge nao umekoma. Nikafurahi sana. Nikaona hii ni sheria ya wakubwa, sisi wa ndoo haituhusu. Nikaoga kwa amani.

Mfano wa pili ndio ulioniponza.

Dogo akanieleza habari za Warumi. Mfalme wao Justinian, aliyekuwa anakaa Constantinople, ambayo leo ni Istanbul, mwaka 531 alitoa amri kwamba watu wawili wakidaiana, madeni yao yakatane, ipso jure. Wasomi wamebishana karne kwa karne mzee alimaanisha nini hasa. Wafaransa wao hawakutaka kubishana. Mwaka 1804, kwenye kitabu cha sheria cha Napoleon, wakaandika kwamba madeni yanakatana kwa nguvu ya sheria peke yake, hata kama wadaiwa wenyewe hawana habari.

Hata kama hawana habari! Jirani, mtu asiye na habari namba moja katika jiji hili ni mimi. Nilisikia mwili unasisimka. Maana mimi Mangi ananidai, hilo mtaa mzima unalijua. Lakini na mimi namdai Mangi. Nilimpaka rangi fremu yake kabla ya Idi, ndani na nje, akasema tutaelewana. Juu yake weka chenji. Mangi hajawahi kuwa na chenji tangu noti zilipovumbuliwa. "Utachukua kesho." Kesho unakuta kasahau. Sasa kama madeni yanakatana yenyewe, basi haya yangu yalishakutana usiku mmoja, yakamalizana, nami nimelala na hofu ya bure.

Asubuhi nikaenda. Nimechomekea.

"Mangi, habari za asubuhi. Nimekuja kukutaarifu tu kwamba hatudaiani."

"Nani kasema?"

"Napoleon."

"Anakaa upande gani huyo?"

"Alishafariki."

"Sasa marehemu ndiyo atakulipia?"

Akaingiza mkono chini ya kaunta akatoa daftari. Unalijua lile daftari, kaunta buku, gamba limelainika kwa mafuta. Ukurasa wangu ndio pekee umekunjwa pembe ili aufikie haraka. Akaanza kusoma kwa sauti, kidole kinashuka taratibu. Unga nusu. Mafuta ya kupima. Kipande cha sabuni. Yai moja. Yai moja. Yai moja, na pembeni kaandika "mgonjwa", kwa sababu siku ile nilimwambia yai ni la mgonjwa ili anionee huruma. Panadol hakuna, aliona mgonjwa gani huyu anatibiwa na mayai tu. Nyuma yangu kuna mama wawili na mtoto aliyetumwa chumvi ya mia mbili. Mtoto kapata chumvi yake zamani, haondoki. Anasubiri mwisho wa hadithi.

Nikasema, "Na rangi je?" Mangi akatazama ukuta. Na mimi nikautazama. Ulikuwa umeanza kubanduka pale juu ya friji. Mama mmoja akasema, "Hiyo ndiyo ulipaka wewe?" Nikaomba vocha ya mia tano, kwa deni, nikatoka.

Dogo namfuata jioni nimefura, ndipo ananimalizia somo. Kumbe kwa Wafaransa sawa, lakini huku kwetu hapana. Tuna Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, imetoka kwa Waingereza kwa kupitia India, na ndani yake kuna Amri ya Nane. Mdaiwa anayetaka deni lake likatwe kwenye la mwenzake lazima aandike mwenyewe kwenye utetezi wake mahakamani. Na kiasi lazima kiwe kinajulikana. Yaani ili nidai chenji yangu, kwanza Mangi anishtaki. Niombe nishtakiwe! Na hiyo rangi yenyewe haina kiasi, bei yake ni "tutaelewana", na tumeelewana vizuri sana, mimi nimeelewa kwamba silipwi.

Nikamuuliza, Wajerumani je? Si walikuwa hapa? Akasema Wajerumani sheria yao ya madai ilianza kazi tarehe 1 Januari 1900, na kwao deni halijikati, ila inatosha mmoja amtamkie mwenzake kwamba nakata, basi hesabu inarudi nyuma mpaka siku madeni yalipokutana. Hiyo ningeimudu. Kutamka naweza. Lakini ile ilikuwa ya Wajerumani na ya kwao, na waliondoka na vita, wakatuachia boma na reli. Wa kumwonea wivu ni ndugu zetu wa Lubumbashi. Wao sheria yao ya mikataba ni ya mwaka 1888, enzi za Leopold, imefuata njia ile ile ya Napoleon, na madeni kwao yanamalizana wenyewe wakiwa usingizini. Nikauliza nauli ya basi mpaka Lubumbashi. Halafu dogo, kwa ule ukatili wa wasomi, akaongeza kwamba hata Ufaransa kwenyewe wameshabadilisha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2016 deni halikatwi mpaka mtu adai likatwe. Mimi bahati yangu ndiyo hiyo. Habari ya Napoleon imenifikia Wafaransa wameshaitupa.

Kuna moja lakini ilikuwa upande wangu, acha nikusimulie nilivyoiharibu.

Inaitwa Sheria ya Ukomo, ya mwaka 1971. Deni la mkataba wa kawaida lina miaka sita. Ikipita mwenye deni hajaenda mahakamani, akienda kesi inatupwa. Na utamu wake ni huu: inatupwa hata kama wewe mdaiwa umekaa kimya hujajitetea kwa neno lolote. Mahakama yenyewe inahesabu kalenda. Nikasema sasa hii ndiyo sheria, hii ina baba na mama. Nilichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu, na hiyo kazi nina uzoefu nayo. Kuna deni moja la zamani la vifaa, duka kubwa kidogo, nilikuwa nalipitia mtaa wa nyuma muda mrefu tu. Nilipopiga hesabu nikaona limezeeka vizuri, limebakiza kidogo lifike.

Nikafurahi mno. Furaha ikanipeleka njia kuu. Mwenye duka huyu hapa kakaa mlangoni. Hakufoka. Angefoka ningekuwa salama. Alinikaribisha kiti, akaniagizia soda, akaniuliza habari za wazee nyumbani. Jirani, soda baridi, saa nane mchana. Nikaona aibu. Nikatoa buku mbili mfukoni nikamwambia, "Mzee wangu, anza na hii, nyingine inakuja." Akanipa peni nisaini kwenye daftari kwamba nakiri nadaiwa na nimepunguza. Nikasaini kwa majina matatu.

Dogo aliposikia alishika kichwa. Ukikiri deni kwa maandishi, au ukilipa kidogo, saa inaanza upya. Miaka yote ile niliyopita mtaa wa nyuma, na matope yake, na yule mbwa wa kwenye geti la bluu, imefutika kwa buku mbili na soda ambayo hata sikuimaliza.

Ya ndoa sasa.

Mimi na mama watoto hatujafunga ndoa. Sio kwamba sitaki. Nilikuwa najichanga. Kila mwaka najichanga, kila mwaka inatokea msiba au bati. Na kwa kichwa changu niliamini kwamba mpaka shehe au padri au mkuu wa wilaya aseme kitu, mimi ni kapera anayeishi na watu. Siku hiyo nakaa na dogo nje ya mlango wangu, najisifu, namwambia mimi harusi yangu itakuwa na matarumbeta. Dogo akaniangalia kwa huruma. "Bro, mbona wewe umeshaoa."

Sheria ya Ndoa, 1971, kifungu cha 160. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawa wanawajua kwamba ni mke na mume, sheria inachukulia kwamba wameoana. Dogo akawa mkweli, akasema hii si ipso jure hasa, ni dhana tu, mahakamani inaweza kupingwa kwa ushahidi. Nikamwambia nitaipinga basi, kwa ajili ya matarumbeta. Akaniuliza, "Shahidi wako nani?"

Nikaanza kuwapitia. Mangi anamwita shemeji. Mwenye nyumba kwenye karatasi yake ya kodi kaandika "fundi na mkewe". Mjumbe akija na orodha ya chandarua anauliza mke yuko wapi. Kwenye msiba wa juzi nilitambulishwa mbele za watu "na mama", nikainuka nikapunga mkono. Mkono wangu mwenyewe! Hakuna shahidi hata mmoja wangu mtaa mzima. Labda mbwa wa geti la bluu.

Na hata ukishinda, dogo akaendelea, kifungu hicho hicho kina sehemu ya pili. Dhana ikishapingwa, yule mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Ukishindwa wewe ni mume, ukishinda wewe ni mume mkorofi.

Sasa nyumba zetu hizi unazijua. Ukuta unaishia njiani, juu yake ni hewa na mbao. Kutoka ndani nikasikia sufuria imetua chini taratibu. Sauti ya mama watoto ikaja, ya upole kabisa, ile ya upole wa kutisha: "Dogo, hebu rudia hiyo namba ya kifungu." Dogo akarudia. Nikasikia anatafuta peni.

Asubuhi nimekuta imeandikwa kwenye kalenda ya ukutani, juu ya picha ya Msikiti, kubwa: 160. Chai ilikuwa na maziwa. Sijui kwa nini maziwa yale yaliniogopesha.

Wiki haijaisha, shemeji yangu wa kiume huyo kafika. Kavaa koti, jua lote hili. Anauliza mahari. Nikaona hapa nimejiandaa, maana dogo alishanipa silaha: sheria ile ile ya 1971 inasema ndoa haiharibiki kwa sababu mahari haikutolewa. Nikamweleza shemeji kwa utulivu, nikataja na mwaka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Shemeji, maneno mazuri sana. Jumamosi njoo uyaseme mbele ya baba." Baba mkwe mwenyewe alikuwa mchinjaji.

Kwa hiyo hapa nilipo nimeoa, sijala pilau yangu, na mahari nadaiwa.

Usidhani ni mimi tu, ingawa ni mimi zaidi. Nina binamu yangu yuko Kanada. Aliapa kule, akapata uraia wao, akapiga picha na bendera ndogo. Sheria yetu ya uraia haitaki mtu mzima awe na viwili. Ukichukua wa wenzako kwa hiari yako, wa huku umekutoka, hakuna anayekuandikia kukupa pole. Alikuja kumzika bibi, akakatiwa viza aingie kwao alikozaliwa. Pale kaburini alikuwa mgeni wa siku tisini. Wakenya walikuwa na jambo hilo hilo, Katiba yao ya 2010 ikaja kuruhusu uraia wa nchi mbili, na waliokuwa wameupoteza wakaambiwa wanaweza kuurudisha. Kwa kuomba! Umeona huo mchezo? Kukutoka kunatoka kimya kimya, hata usingizini. Kurudi kuna fomu, picha za pasipoti, na mtu aliyekwenda kunywa chai.

Angalia luku. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye luku. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda 1,500. Jengo ni la mwenye nyumba. Kodi ni ya mwenye nyumba. Umeme ninanunua mimi. Mita moja, wapangaji wote tunapokezana, na wote wameshajua kwamba anayenunua wa kwanza mwezi unapoanza ndiye anayekatwa. Kwa hiyo tarehe moja nyumba yetu inakuwa giza. Watu wamekaa vyumbani na tochi za simu, kimya, kila mmoja anasikilizia nani atavunjika kwanza. Mtu anakohoa, hakuna anayejibu. Ninavunjika mimi. Kila mwezi ninavunjika mimi, kwa sababu mtoto anaogopa popo. Nikimwambia mwenye nyumba anirudishie, anasema yeye hajanikata, ni mita. Nikiiangalia mita, inawasha kataa kake kekundu tu. Utaiambia nini? Utaipa shikamoo?

Na simu. Simu ndiyo imenimaliza. Kuna siku nilikwama nikachukua mkopo wa simu, ile ya kubonyeza moja kukubali. Nilibonyeza moja. Maneno yalikuwa mengi kabla ya hapo moja, sikuyasoma, nani anasoma akiwa na njaa? Sasa dada yangu wa Morogoro, Mungu ambariki, akanitumia elfu thelathini ya mahari, nianzie hapo. Simu ikalia. Umepokea. Nikasimama nikashukuru. Kabla sijakaa ikalia tena. Umekatwa. Na riba, na adhabu ya kuchelewa, na salio langu nikaambiwa kwa lugha ya heshima kabisa, mpendwa mteja. Dogo anasema hiyo si sheria kujiendea yenyewe, hiyo ni mkataba, nilikubali vigezo na masharti. Namuuliza tofauti yake ni nini kwa mtu aliyeshika simu tupu? Anasema tofauti ni kubwa sana na atanieleza akimaliza mtihani.

Basi jirani, Jumamosi ndiyo keshokutwa. Kama una chochote, hata msimbazi mmoja, sitakataa. Ila usitume kwenye ile namba yangu, ile ikipokea tu inalipa. Tuma kwa mama watoto. Ukimtumia yeye, nipigie na mimi unijulishe, maana tangu apate kile kifungu, hela ikiingia kwake haniambii.